Shajara ya mradi: ramani za vifaru za daftari la kaka

Jumamosi, 11 Januari 2025, Tanga

Mama anataka stoo yake. Amepata mpangaji wa chumba cha uani, na vitu vyetu vya utotoni vimekaa humo miaka ishirini na ushee, kwa hiyo nimeshuka kuvitoa. Chini ya kitanda cha chuma, ndani ya boksi la sabuni, nimekuta vitu vitatu: mashine yetu ya gemu ikiwa na pedi moja, kaseti ya njano iliyobanduka karatasi yake, na daftari la hesabu la viboksi, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma.

Mashine nilikuwa naikumbuka. Daftari nilikuwa nimelisahau kabisa, na ndilo lililonikalisha sakafuni mpaka mama akaja kuuliza kama nimeumia.

Ndani mna ramani. Kila ukurasa una mraba uliopigwa kwa rula, viboksi 13 kwa 13, umejazwa herufi kwa penseli: T ni tofali, C chuma, M maji, P pori, B barafu. Juu ya kila mraba kuna jina, kwa mwandiko wa kaka wa darasa la sita. Raskazone. Bandarini. Mkwakwani. Toten. Barabara ya Kumi na Mbili. Nimezihesabu, ni 27.

Mchezo wenyewe unaitwa Battle City. Namco waliutoa Japani kwa ajili ya Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, tarehe 9 Septemba 1985, ukitokana na mchezo wao wa mwaka 1980, Tank Battalion. Marekani hawakuuza kaseti yake kwa NES, kama Famicom ilivyoitwa huko, ndiyo maana ukisoma wanavyosimulia huko historia ya michezo ya zamani, huu hutajwa kwa mstari mmoja au hautajwi. Sisi tuliupata ndani ya kaseti zisizo na leseni, zile za michezo mingi kwa pamoja, na hapa Ngamiani hakuna mtoto wa rika langu asiyeujua. Tuliuita Vifaru, maana ni vita ya vifaru vya jeshi.

Kwenye skrini ya mwanzo, chini ya mchezaji mmoja na wachezaji wawili, kuna chaguo la tatu: CONSTRUCTION. Ukiingia humo unapewa uwanja mtupu na kifaru kinachopepesa. Unakitembeza, unabonyeza, kinaacha tofali au maji au pori. Unajenga vita yako mwenyewe kisha unaicheza. Ila kaseti haina mahali pa kuhifadhi. Ukizima, ulichojenga kimekwenda. Ndipo kaka alipoanza kuzinakili ramani zetu kwenye daftari, kiboksi kwa kiboksi, ili kesho yake tuzijenge upya.

Nimeamua. Mashine iwake, na ramani zote 27 zichezeke kwenye televisheni bila kujengwa upya kila mara. Kaka anakuja Idd kutoka Mombasa. Nina miezi miwili na nusu, na sijamwambia.

Jumapili, 19 Januari, Dar es Salaam

Nimeifungua. Skrubu tano, mbili zimeota kutu hadi nikazitoa kwa koleo. Hewa ya Tanga ina chumvi, na chumvi haisamehe kitu cha chuma.

Ndani pana nafasi tupu kuliko nilivyodhani. Mashine hizi hazina chipu zile nyingi za Famicom halisi. Kila kitu kimeminywa kwenye chipu moja iliyofunikwa kwa tone la utomvu mweusi katikati ya bodi, kama lami iliyodondoka. Ikiwa hilo tone limekufa, mradi umekufa, maana halifunguki. Vingine vyote vinaweza kutengenezwa: kapasita kubwa imevimba kichwani, soketi ya umeme inacheza, na tundu la kaseti lenye miguu 60 lina ukungu wa kijani.

Ule ukungu nina hakika tuliuleta wenyewe. Kaseti ikigoma tulikuwa tunaichomoa, tunaipuliza kwa nguvu zote, tunairudisha. Pumzi ina unyevu, na unyevu juu ya shaba huleta kutu. Nimesugua meno ya kaseti kwa kifutio cha penseli hadi yakang'aa, halafu spiriti kwa pamba. Tundu lenyewe nimelisafisha kwa kadi ya plastiki iliyovikwa kitambaa, naingiza na kutoa, saa nzima.

Jumamosi, 1 Februari

Adapta niliyonunua imeandikwa volti 9. Bahati nimeipima kwanza kwa mita: bila mzigo inatoa zaidi ya 14. Adapta za aina hii za bei nafuu hazidhibiti umeme, hushuka tu zinapopewa kazi. Ndani ya mashine kuna kile kidude cha miguu mitatu, 7805, kinachoshusha umeme hadi volti 5, na ziada yote kinaigeuza joto. Utotoni tulijua hilo kwa mkono: baada ya saa mbili za kucheza ungeweza kuanikia leso juu ya mashine.

Nimekibadilisha hicho, nikaweka na kapasita mpya. Fundi redio wa mtaani kwangu alikuwa navyo vyote viwili kwenye kopo, akakataa hela ya vile vidude, akachukua ya soda tu. Nimewasha. Taa nyekundu imewaka. Kwenye televisheni, chenga tupu.

Jumapili, 9 Februari

Chenga zinatokana na lile kasha la bati linalopeleka picha kwa njia ya antena, ndani limeoza. Nimeliruka. Kabla picha haijaingia kwenye kasha, hupita kwenye bodi ikiwa bado safi, nami nimeichukulia pale pale kwa waya mmoja na transista moja, nikaitoa kwenye tundu la njano la televisheni. Sauti nayo waya wake.

Saa nne usiku imewaka.

Jina la mchezo limejengwa kwa matofali kwenye skrini nyeusi. Nilikuwa nimesahau kwamba hata jina ni tofali. Nikachagua mchezaji mmoja, pazia la kijivu likafunga, hatua ya kwanza, ukapigwa ule wimbo mfupi wa kuanzia, kisha wimbo ukakoma na ukabaki mngurumo wa injini peke yake. Battle City haina muziki wakati wa kucheza. Ni injini, risasi na tofali linalovunjika, basi. Nilifunga macho kidogo na nikaisikia sebule ya nyumbani.

Nimecheza mpaka saa saba, na nataka kuandika kwa nini nauona mchezo huu kuwa mkubwa kuliko unavyopewa.

Kazi yako ni kumlinda tai aliye chini katikati, amezungushiwa tofali. Vifaru 20 vya adui vinakuja kila hatua, kutoka milango mitatu ya juu: kushoto, katikati, kulia. Akipigwa tai risasi moja mchezo umekwisha, hata kama una maisha manane mfukoni, na hata kama risasi ni yako. Kwa hiyo unacheza huku mgongo ukikuwasha. Ukienda mbele kuwinda, unamwacha tai. Ukikaa nyuma, wanakujia watatu kwa mpigo.

Halafu tofali. Kiboksi kimoja cha tofali hakivunjiki chote. Risasi ya kawaida inamega robo, unahitaji nne kupenya upande wa pili. Hiyo ina maana kila ukuta ni saa. Unaangalia tofali za mbele ya tai zimebaki ngapi na unajua una muda kiasi gani. Ina maana pia unaweza kuchonga: kutoboa tundu la kufyatulia, kujikatia kichochoro, kumegua kona ili upite. Uwanja unaoumaliza si ule ulioukuta. Mwaka 1985, ndani ya kilobaiti 24 kwa jumla, mchezo mzima, picha na yote. Picha moja ya simu yangu inaumeza mara mia na zaidi.

Na kile kifaru kinachopepesa chekundu. Ni cha nne, cha kumi na moja na cha kumi na nane, kila hatua. Kaka aliligundua hilo mwenyewe kwa kuhesabu, akiwa na miaka kumi na miwili, na akaniapisha nisiwaambie wa Barabara ya Kumi na Tatu. Ukikipiga kinaacha zawadi: nyota ya kuongeza nguvu, saa ya kuwagandisha, bomu la kuwamaliza wote waliopo, kofia, kifaru cha ziada, na chepe, ambalo linageuza ukuta wa tai kuwa chuma kwa muda. Nyota tatu na risasi zako zinavunja hata chuma. Mimi nilikuwa nakimbilia nyota. Kaka siku zote alikuwa anasema chukua chepe.

Jumapili, 16 Februari

Leo ni siku ya daftari tu. Nimezipiga picha kurasa zote, kisha nikakaa kuzisoma.

Ngamiani imepangwa kwa mistari, barabara zenye namba zinakatana na barabara ndefu, unaweza kumwelekeza mgeni kwa kuhesabu. Sasa naona kaka alichokiona: mtaa wetu ulikuwa tayari ni uwanja wa viboksi. Ramani ya Barabara ya Kumi na Mbili ni nyumba za tofali kwa safu, na vichochoro vya uani katikati yake vimeachwa wazi palepale vilipo, pamoja na kile kinachopita nyuma ya msikiti. Kwenye Mkwakwani kaweka chuma pande zote kama ukuta wa uwanja wa mpira, ndani nyasi za P. Kwenye Bandarini nusu ya kushoto ni M na gati ni mstari mmoja wa C unaoingia majini. Vifaru havipiti maji ila risasi hupita juu yake, kwa hiyo ukisimama kwenye gati unawapiga wa ng'ambo bila kufikiwa. Mtoto wa darasa la sita ndiye aliyepanga hivyo.

Toten haijaisha. Ni kile kisiwa kilichoko mbele ya mji, na ramani ina duara la maji lenye pori katikati, lakini inaishia mstari wa tisa. Mistari minne ya chini ni viboksi vitupu. Siku ile naikumbuka: umeme ulikatika kabla hajamaliza kunakili, nikalia, akaniambia kesho tutamalizia. Hatukumalizia.

Jumapili, 23 Februari

Kijana mmoja anayetengeneza kompyuta hapa Dar ana kifaa cha kusoma kaseti. Yetu imetoa faili kubwa lenye michezo yote, nami nimelifungua kwenye programu inayoonyesha kila baiti, yaani kila kipande kidogo cha data. Upande wa kushoto namba, upande wa kulia herufi, pale namba zinapolingana na herufi.

Nilikuwa nashuka tu, takataka baada ya takataka, mara upande wa kulia pakasomeka: RYOUITI OOKUBO. Baada yake TAKEFUMI HYOUDOU. Baada yake JUNKO OZAWA.

Waliochapa kaseti zetu walifuta jina la Namco kwenye skrini ya mwanzo. Kwa hiyo utoto wetu wote mchezo huu haukuwa na mwenyewe. Ulikuwa kama embe la porini. Haya majina ya ndani ama hawakuyaona au hawakuyajali. Ookubo ndiye aliyeandika programu. Ozawa ndiye wa sauti, mama huyo huyo aliyetunga muziki wa The Tower of Druaga, mchezo mwingine wa Namco, mwaka 1984, na kwa hiyo ule wimbo mfupi wa kuanzia hatua, ambao kaka alikuwa anaupiga mbinja akienda kuchota maji, ni wa kwake. Nimekaa na hayo majina matatu muda mrefu. Nimeyaandika kwa kalamu kwenye jalada la ndani la daftari, chini ya jina la kaka.

Jumamosi, 8 Machi

Ramani zimekaa hivi. Kuna aina 14 za kiboksi: tofali zima na nusu zake nne, chuma kizima na nusu zake nne, maji, pori, barafu, na patupu. Aina 14 zinatosha kwenye nusu baiti, basi kila kiboksi kimepewa nusu baiti. Ramani moja ni baiti 91. Zote 35 za mchezo zimepangwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine.

Nimeanza na Raskazone. Nimeandika viboksi vyote 169 kwa mfuatano, nikaweka mahali pa hatua ya kwanza, nikawasha kwenye programu inayoiga Famicom. Ukuta ambao kwenye daftari umesimama wima ulitokea umelala, kila mstari umesogea hatua moja zaidi ya uliotangulia, kama mnazi wa ufukweni. Nilikagua nilichoandika mara tatu, hakikuwa na kosa.

Jibu lilikuwa kwenye hesabu yenyewe. Mstari wa viboksi 13 ni baiti sita na nusu. Mchezo haugawi baiti katikati ya mistari. Unampa kila mstari baiti saba kamili na nusu ya mwisho inabaki haina kazi. Saba mara 13 ndiyo 91. Nilipojaza ile nusu tupu mwisho wa kila mstari, Raskazone ikasimama.

Nimeicheza nikiwa nimefunga, nusu saa kabla ya kufuturu, na sikuhisi njaa.

Jumamosi, 22 Machi

Ramani 26 zimeingia. Tatizo lililonichukua wiki ni nusu tofali. Kaka aliandika T yenye kistari upande mmoja, na sikujua kistari kinaonyesha upande uliobaki au uliokatwa. Mkwakwani ndiyo imenisaidia: magoli yake ameyajenga kwa nusu, na ukisoma kistari kuwa upande uliobaki magoli yanatazamana, ukisoma kinyume yanapeana mgongo.

Nilifikiria kuzipunguza ziwe bora ishirini tu, maana nyingine ni dhaifu. Ile aliyoiita Vita Kubwa ni chuma kitupu na haichezeki. Nimeziacha zote. Hatua ya 1 hadi ya 27 ni za kaka, kuanzia ya 28 ni za Namco. Toten ni ya 27, na mistari yake minne ya chini nimeiacha patupu kama ilivyo kwenye karatasi. Nimejaribu kuijaza mara mbili, nikafuta mara mbili. Si yangu.

Kaseti inayoandikika kwa kadi ya kumbukumbu imefika, na pedi mbili mpya zimefika pia. Sasa inacheza kwenye mashine yenyewe.

Jumanne, 1 Aprili, Idd Pili, Tanga

Baada ya pilau nimeifunga kwenye televisheni ya sebuleni bila kusema kitu. Kaka alikuwa anaongea na mama, akasikia ule wimbo, akageuka.

"Bwana mdogo, hiyo umeitoa wapi?"

Nikampa pedi. Yeye njano, mimi kijani, kama zamani. Raskazone aliicheza dakika nzima bila kuitambua. Ilipokuja Barabara ya Kumi na Mbili aliingia moja kwa moja kwenye kichochoro cha nyuma ya msikiti, akasimama humo. Kifaru chake kikapigwa. Hakuwa akibonyeza kitu.

"Hii ni nyumbani," akasema. Nikamletea daftari.

Tumecheza hadi alasiri. Nimempiga risasi kwa bahati mbaya mara kadhaa, na mchezo huu mwenzako ukimpiga hafi, anaganda akipepesa, basi unabaki kumlinda mpaka azinduke. Mama alikaa nyuma yetu akila kashata, akiuliza kila mara tai ni yupi.

Tulipofika Toten nikamwonyesha ukurasa ulioishia mstari wa tisa. Nikamkumbusha ule umeme.

Akanitazama. "Umeme haukukatika. Baba alirudi, ilikuwa magharibi, akachomoa waya ukutani. Ulikuwa unalia, nikakwambia umekatika ili usimchukie."

Mama akacheka, akasema marehemu alikuwa hivyo.

Kaka akaomba penseli. Alikaa na daftari magotini kama robo saa, akifuta na kuandika, nami nikiwa na kompyuta pembeni nasubiri. Mstari wa 10: M mbili, P tano, patupu viboksi vinne, M mbili. Wa 11 na wa 12 akaacha njia ya mchanga upande wa mji, kiboksi kimoja kimoja, ambayo maji yakipwa unaweza kuamini ipo. Wa 13 akamzungushia tai chuma badala ya tofali.

"Chepe la kudumu," akasema.

Nimeandika baiti 28 za mwisho, nikahifadhi kwenye kadi, nikairudisha kaseti. Tunaianza Toten sasa hivi, wawili.